Nani Ataamka Friji ya Chanjo Ikilia?

  

Wiki mbili zilizopita mlimwona fundi akiingia zahanati na boksi dogo jeupe. Alikaa humo kutwa nzima na kompyuta yake, jioni akaondoka. Tangu siku hiyo boksi lile lipo dirishani, linawaka taa ya kijani usiku na mchana. Maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema ni kamera ya kumchunguza nesi. Wapo wanaosema ni mnara mdogo wa simu, na vijana wamekwenda kukaa chini ya dirisha ili wapate mtandao mzuri. Hao tuwape pole, maana hawataupata.

Boksi lile ni kinasajoto. Kinasa sauti mnakijua: mtu anasema, chombo kinashika sauti yake, kesho unaisikiliza. Kinasajoto kinashika joto. Kinapima joto la ndani ya friji ya chanjo, kinaandika, na joto likipanda au likishuka mno kinapiga kelele. Sisi tulikuwapo siku fundi alipokifunga, kwa sababu tuliombwa tuyaweke maelezo yake katika Kiswahili ambacho mtu aliyemaliza kisomo anaweza kukisoma mwenyewe. Kufunga boksi kulichukua nusu saa. Muda wote uliobaki ulikwenda kwenye kupanga programu, yaani kuiambia mashine ipime nini, ipime kila baada ya muda gani, na ikiona hatari imwambie nani. Kazi iko hapo, na hapo ndipo tulipoona kwamba wanakijiji nao wana la kufanya.

Samaki hunuka, chanjo hainuki

Watu wa pwani hii hatuhitaji kufundishwa habari ya barafu. Mvuvi wa Kivinje, wa Masoko au wa Somanga anajua kwamba samaki akikosa barafu, bei yake inakwisha kabla jua halijakaa utosini. Mnunuzi akija anafunua matamvua, anatazama kama ni mekundu, ananusa. Akikataa amekataa, wala hakuna ubishi.

Chanjo haina matamvua. Kichupa cha chanjo iliyokufa na kichupa cha chanjo nzima hukaa pamoja katika friji, na pua haiwezi kuvitenganisha. Mtoto atachomwa sindano, atalia, kadi itaandikwa, mama atarudi nyumbani ameridhika. Siku ugonjwa ukija ndipo itajulikana kwamba kadi ilisema mtoto kachanjwa, lakini mwili wake haukupata kitu.

Vichupa vingi vina alama ndogo ya kutusaidia. Ni duara, na ndani ya duara kuna mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo. Mraba ukifanana rangi na duara, au ukiwa mweusi zaidi, chanjo hiyo isitumike. Kila mama ana haki ya kumwomba nesi amwonyeshe alama hiyo, na nesi mwema hatachukia. Lakini alama ile inaonyesha joto tu. Haionyeshi baridi.

Hapa wengi tunakosea. Bibi mmoja alituuliza, "Mwanangu, kitu cha friji kikizidi baridi, si ndio uzuri wake?" Kwa samaki, ndiyo, Bibi. Kwa chanjo, sivyo. Chanjo za zahanati hutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Chanjo ya matone ya polio huharibika upesi kwa joto. Chanjo ya surua nayo haivumilii joto. Lakini ile sindano ya pentavalenti anayochomwa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14 inaogopa kuganda. Sindano hiyo hukinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, pamoja na vijidudu vya Hib vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya pepopunda wanayochomwa mama wajawazito iko hivyo hivyo. Zikiganda mara moja, basi. Ukiziyeyusha zitarudi kuwa maji, utadhani ni nzima, lakini nguvu yake haitarudi.

Sasa tazameni kazi ya nesi wetu. Anasoma kipimajoto cha friji mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Hayo ndiyo maagizo, na karatasi yake tumeiona, haina pengo. Lakini akifunga saa 10 jioni na kurudi saa 2 asubuhi, hapo katikati ni saa 16. Saa 16 hakuna anayejua friji inafanya nini. Umeme unaweza kukatika saa 3 usiku na kurudi saa 11 alfajiri. Kirekebishi cha friji kinaweza kuharibika, chanjo zikaganda usiku na kuyeyuka asubuhi. Nesi akifika atakuta nyuzi 5, ataandika nyuzi 5, naye hakusema uongo.

Jinsi kilivyopangwa

Ndani ya friji kuna kipimajoto kidogo, ukubwa wake kama kiberiti. Kinatumia betri na hakina waya. Kinatuma habari zake kwa mawimbi ya redio hadi kwenye boksi la dirishani. Boksi nalo lina laini ya simu kama simu zenu, na betri ya akiba ili umeme ukikatika lisinyamaze. Kutoka hapo habari zinakwenda kwa mtandao hadi kwenye kompyuta ya wilaya, Masoko. Vifaa vya jamii hii si vigeni. Kimoja, kiitwacho ColdTrace, kimekwisha kutumika katika vituo vya afya vya Tanzania na vya Kenya. Vinatofautiana kwa umbo na bei, lakini maswali ambayo programu inamwuliza anayeipanga hayaachani sana.

Kwanza ni mahali. Fundi alikiweka kipimajoto katikati ya vichupa. Hakukiweka karibu na mlango, kwa sababu kingelalamika kila mara nesi anapofungua. Hakukigusisha na ukuta wa barafu, kwa sababu kingesema baridi ambayo vichupa vyenyewe havina. Kisha akafunga mlango akangoja. Friji ni ya chuma, na chuma huzuia mawimbi. Mwanzoni boksi lilikuwa ndani ya kabati la dawa, na kila mlango wa friji ulipofungwa habari zilikatika. Ndiyo sababu likahamishiwa dirishani. Tafadhali msilisogeze, hata kama mnataka kuweka redio yenu pale msikilize mpira.

Pili ni muda. Programu iliambiwa ipime kila dakika 10. Hesabu hii tuliifanya ubaoni juzi: saa moja ina dakika 60, kwa hiyo ni vipimo 6 kwa saa; siku moja ina saa 24, kwa hiyo ni vipimo 144. Nesi anaandika 2, mashine inaandika 144. Kijana mmoja akauliza kwa nini isiwe kila dakika moja. Inawezekana, lakini betri ingekwisha mapema, na friji haibadiliki upesi hivyo.

Tatu ni aina ya nyuzi. Mashine nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa nyuzi za Farenhaiti, wanazotumia Marekani. Nyuzi 40 za Farenhaiti ni kama nyuzi 4 zetu, nzuri kabisa kwa chanjo. Lakini asiyejua akiona 40 atadhani friji imegeuka jiko. Mkiona namba kubwa ya ajabu, tazameni kwanza herufi iliyo pembeni yake. C ni Selsiasi, F ni Farenhaiti.

Saa ya mashine na saa ya Kiswahili

Hili tutakaa nalo kidogo, kwa sababu nusura limponze mtu.

Katika zahanati moja ya pwani, ambayo jina lake tunaliacha, kinasajoto kama hiki kilifungwa bila mtu kusimamia saa yake. Baada ya mwezi mmoja mkubwa wa kazi alifungua orodha kwenye kompyuta. Akakuta jambo la kushangaza. Siku fulani fulani za wiki, saa 03:00, joto la friji lilipanda hadi nyuzi 9 na kurudi chini baada ya muda. Saa 03:00 ya mashine ni saa 9 usiku. Nani yuko zahanati saa 9 usiku? Mlinzi, peke yake. Basi ikasemwa kwamba mlinzi anafungua friji ya chanjo usiku, anapoza maji yake ya kunywa, pengine anahifadhi samaki wake. Mlinzi akaapa kwamba hajawahi kuigusa. Hakuna aliyemsikiliza. Mashine imeandika, yeye ni nani aibishie? Barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imekwisha andikwa.

Aliyemwokoa ni nesi, na karatasi yake ya kila siku. Pembeni mwa karatasi, penye nafasi ya maoni, alikuwa akiandika mambo madogo madogo. Kwenye siku zile zile ameandika: "Saa 3 asubuhi, kliniki, mlango umefunguliwa mara nyingi." Akaziweka karatasi mbili sambamba, ya mkono na ya mashine. Siku zinalingana. Joto linalingana. Saa tu ndizo haziendi pamoja. Akaomba wafanye jaribio. Saa 5 asubuhi, mbele ya watu wote, wakaufungua mlango wa friji wakauacha kidogo, wakafunga. Kisha wakatazama kompyuta. Mashine ikaandika kwamba mlango umefunguliwa saa 05:00.

Kumbe aliyeipanga aliitia saa ya Kiswahili. Alipofika ilikuwa saa 4 asubuhi, akaandika 4:00. Mashine haijui Kiswahili. Inahesabu siku kuanzia usiku wa manane, siyo kuanzia macheo kama sisi. Kwa hiyo kwa mwezi mzima ilikuwa nyuma kwa saa 6, na kazi ya asubuhi ya nesi ikaandikwa kuwa wizi wa usiku wa mlinzi. Barua ikachanwa. Kama mlinzi aliombwa radhi, hatukusikia.

Basi tujifunze kugeuza. Mtakaosoma gazeti hili nyumbani, liandikeni jambo hili kwenye daftari.

Mashine ikionyesha kuanzia 07:00 hadi 18:00, toa 6. Kwa hiyo 14:00 ni saa 8 mchana. Ikionyesha kuanzia 19:00 hadi 23:00, toa 18. Kwa hiyo 20:00 ni saa 2 usiku. Ikionyesha kuanzia 00:00 hadi 06:00, ongeza 6. Kwa hiyo 02:00 ni saa 8 usiku, na 05:00 ni saa 11 alfajiri.

Yako makosa mengine mawili ya jamii hiyo. Programu inauliza uko nchi gani. Ukiliruka swali hilo, huenda ikabaki na saa ya Greenwich, kule Uingereza, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Tena iko tarehe. Wamarekani huanza na mwezi. Kimbunga Hidaya kilitufikia tarehe 4 Mei 2024. Sisi tutaandika 04/05/2024. Mashine iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itaandika 05/04/2024, nawe utadhani ni Aprili. Fundi wetu alitakiwa achague siku kwanza, mwezi baadaye, na amefanya hivyo. Tulisimama nyuma yake tukaona.

Kengele na watu wake

Sasa tuje kwenye kelele. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kwa ajili ya vinasajoto vya friji za chanjo. Joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, kengele. Baridi ikishuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri ikadumu kwa saa 1, kengele. Mtaona kwamba kwa joto inangojwa saa 10 na kwa baridi saa 1 tu. Joto linaila chanjo polepole. Kuganda hakungoji.

Mzee mmoja alisema kungoja saa 10 ni uzembe. Kengele ilie pale pale namba inapopita 8. Tulimheshimu, lakini hatukukubaliana naye. Siku ya kliniki mlango unafunguliwa mara 20, na kila mara hewa ya moto inaingia. Kengele ingelia asubuhi nzima. Tunaijua zahanati ambako ilipangwa hivyo. Siku ya tatu mhudumu alichoka akachomoa waya wa king'ora, na tangu hapo kikawa pambo. Lakini hoja ya Mzee haikupotea. Fundi aliongeza onyo la mapema: joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 1, nesi peke yake anapata meseji ya tahadhari, bila king'ora. Akiona ni siku ya kliniki, anajua sababu. Akiona ni usiku, anavaa khanga yake anakwenda kutazama.

Kisha programu ikauliza namba za simu. Hapa tulitumia saa nzima.

Namba ya kwanza ni ya nesi. Ya pili ni ya mratibu wa chanjo wa wilaya. Ya tatu ilikuwa na mjadala. Kwa heshima ikapendekezwa ya Mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti mwenyewe akakataa, nasi tunamshukuru kwa ukweli wake. Alisema, "Ndugu zangu, mpunga ukianza kubeba mimi nalala dunguni kulinda nguruwe. Kule hakuna mtandao. Mtanipigia mpaka kuche." Basi akatafutwa mtu anayelala karibu na zahanati, mwenye simu inayochajiwa, anayejua kusoma. Amepatikana mama mmoja, mhitimu wa kisomo, ambaye nyumba yake iko hatua kama 50 kutoka mlango wa zahanati. Jina lake mnalijua, hatulitaji hapa.

Programu ilikuja na ujumbe wa Kiingereza. Tuliomba ubadilishwe, na ikawezekana kwa dakika 5 tu. Kumbe ni kuomba. Sasa meseji inakuja hivi: FRIJI YA CHANJO. JOTO 9.4. SAA 02:10. UMEME HAKUNA. Tuisome pamoja. Joto ni nyuzi 9 na nukta 4, limepita 8. Saa 02:10, tunaongeza 6, ni saa 8 na dakika 10 usiku. Umeme umekatika. Mama huyo kazi yake si kufungua friji. Friji isifunguliwe, kwa sababu mlango uliofungwa ndio unaotunza ubaridi. Kazi yake ni kumgongea nesi mpaka aamke, na nesi asipopatikana, kumpigia mratibu. Basi. Tumeiandika kazi hiyo kwenye karatasi kwa herufi kubwa, iko ukutani kwake.

Bibi mmoja wa kikundi cha Jumatano akauliza, "Sasa Mwalimu, nesi akihamishwa, hicho kidude kitampigia nani?" Swali hilo halikuwemo kwenye maelezo ya fundi. Jibu ni kwamba kitampigia huyo huyo aliyehamishwa, hata awe Liwale au Nachingwea, mpaka mtu aingie kwenye programu abadilishe namba. Simu itaitika mbali, friji itaharibikia hapa. Kwa hiyo tumekubaliana na kamati ya zahanati: siku ya makabidhiano ya nesi mmoja na mwingine, namba ibadilishwe kabla funguo hazijatolewa. Neno la siri la kuingilia kwenye programu liko katika bahasha, kwenye sanduku la fedha la zahanati. Halipo kwenye kichwa cha fundi.

Iko hatari nyingine, nayo ni kimya. Mashine iliyoharibika haipigi kelele. Betri ya kipimajoto ikifa, hakuna meseji, na watu watalala wakidhani mambo ni mazuri. Programu inayo sehemu ya kushughulikia hilo, lakini ilikuwa imezimwa tangu kiwandani. Tulimwona fundi akiitafuta. Ameiwasha. Sasa kipimajoto kisipotoa habari kwa saa 2, meseji inakuja: HAKUNA HABARI. Mtandao wa simu ukikatika, boksi linahifadhi vipimo vyake na kuvituma mtandao ukirudi, lakini kwa muda huo haliwezi kumwita mtu aliye mbali. King'ora chake peke yake ndicho kitakacholia, na kinasikika mpaka kisimani. Kwa hiyo mtoto wa shule akikisikia asiseme ni kelele za nesi.

Tena laini ya simu inataka fedha. Hapa hatutaficha. Tuliuliza nani atalipia bando la boksi baada ya mwaka wa kwanza. Tukajibiwa kwamba jambo hilo litaangaliwa. Tulipouliza mara ya pili tukajibiwa vivyo hivyo. Si fedha nyingi, boksi linatuma tarakimu tu, halitazami video. Lakini likikosa bando halitaomba mkopo. Kamati inakutana mwisho wa mwezi, na jambo hili ni la kwanza kwenye orodha. Tunawaomba wajumbe wasilikalie kimya likapita.

Barabara ikikatika

Wengine mtasema, sawa, simu imelia, nesi ameamka. Halafu? Swali zuri. Mei 2024, mvua za Hidaya zilipoikata barabara kuu ya Dar es Salaam hapa wilayani kwetu, Somanga na kwingineko, magari yalilala njiani na bidhaa hazikupita. Siku kama hizo hata ukijua friji imeharibika, gari la wilaya haliji.

Friji za chanjo za siku hizi zina uvumilivu wake. Yenye barafu ukutani, ikiwa nzima na mlango haufunguliwi, imetengenezwa ili ikae saa 20 au zaidi bila umeme. Ya jua isiyotumia betri imetengenezwa ivumilie siku 3 za mawingu. Kwa hiyo meseji ya saa 8 usiku haina maana kwamba chanjo zimekwisha kufa. Inampa nesi nafasi ya kufikiri.

Akiona friji haitarudi, anazihamisha chanjo kwenye kasha la baridi. Wanaume mtakaomsaidia kubeba, jueni jambo moja. Mabamba ya barafu hayaingizwi kwenye kasha yakiwa magumu kama jiwe, kwa sababu yatazigandisha chanjo, nayo ndiyo balaa tuliyoieleza mwanzo. Yanawekwa nje kwanza mpaka ukiyatikisa usikie maji yakicheza ndani. Nesi akiwaambia ngojeni, msimharakishe. Hajasahau, anasikiliza maji.

Kisha kasha linakwenda wapi, na kwa chombo gani? Hilo programu haiulizi. Tumeliandika sisi kwenye ukurasa mmoja pamoja na nesi na kamati. Barabara ikiwa nzima, ni pikipiki hadi kituo cha afya chenye friji. Barabara ikikatika, ni boti yenye mashine hadi Kivinje, iliko hospitali ya wilaya ya Kinyonga. Nahodha wawili wamekubali kwa midomo yao mbele ya Mwenyekiti. Wakati wa kusi kali hawatatoka usiku, nao wameambiwa wasitoke, watangoja kuche. Mafuta ya boti yatatoka mfuko wa zahanati. Nahodha mmoja ametaka iandikwe ni lita ngapi, naye ana haki. Tumeandika.

Limebaki jaribio. Fundi alijaribu kengele siku ile kwa simu yake mwenyewe, nasi hatukuridhika, kwa sababu simu yake haimo kwenye orodha ya watakaoamshwa. Kwa hiyo leo, tukitoka hapa, twendeni zahanati sote, watu wanne wanne waingie, wengine wabaki uani. Kwa muda wa jaribio tumeomba king'ora kipangwe kilie baada ya dakika 10, badala ya saa 10, na mpango wa kawaida utarudishwa kabla hatujaondoka. Katibu wa kamati ameagizwa aukague na kutia sahihi. Nesi atakitoa kipimajoto nje ya friji, chanjo zibaki ndani mlango ukiwa umefungwa, na mmoja wenu atakifumbata mkononi. Mkono wa mtu ni nyuzi zaidi ya 30, utatosha.

Mama wa namba ya tatu, simu yako umeiwasha? Haya. Itakapolia usitupe sisi tuisome. Isome wewe kwa sauti, joto kwanza, kisha saa, na hawa wa nyuma wageuze saa hiyo kwa Kiswahili kabla hujawaambia.